Umeitwa juri na daktari hana uhakika: namna ya kuyafuata maelekezo ya jaji

Barua ikishaingia mlangoni kwa mtu, simu yangu huanza kulia. "Dada, mimi si raia wa hapa, hawa mbona wananiita mahakamani?" Wananipigia mimi kwa sababu wanajua nakula kwa ukalimani wa Kiswahili kwenye Mahakama za Crown hapa Uingereza. Nawajibu kwamba barua haikukosea njia. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola. Akiwa na kibali cha kuishi anaweza kujiandikisha kupiga kura, na majina ya juri, yaani wale watu 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, huchotwa kwenye daftari hilo hilo la wapiga kura. Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 75, na umeishi hapa angalau miaka 5 mfululizo tangu utimize 13, wewe ni mlengwa. Ukiipuuza barua bila sababu, faini yaweza kufika pauni 1,000.

Mimi ni mtu wa Tanga. Sikusomea sheria, wala udaktari. Kiti changu ni kile cha ndani ya kizimba cha vioo, ubavuni mwa mshtakiwa, nikimnong'oneza kila linalosemwa pale mbele. Kwa hiyo maelekezo ya jaji kwa juri nimeyatamka kwa mdomo wangu mara nyingi mno, na sura za wale watu 12 nimezitazama wakati yanasomwa. Panapowachanganya kuliko popote ni pale daktari anaposimama, anaeleza vizuri, halafu mwisho anasema hana uhakika. Mwongozo huu ni wa hapo tu.

Ila kwanza: kama umeshaapishwa kwenye kesi, acha kusoma sasa hivi. Sina utani. Tangu mwaka 2015 mjumbe wa juri anayejitafutia habari za kesi yake, iwe ni za watu, za ugonjwa au za sheria yenyewe, anatenda kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 2. Watu wameshafungwa. Soma hii ukiwa bado unasubiri tarehe yako, kisha ukifika mahakamani umsikilize jaji wako. Akisema tofauti na mimi, mfuate yeye. Na ninayoyaeleza ni ya England na Wales. Scotland wana utaratibu wao, hata juri yao ni ya watu 15.

Nani anaamua nini

Tulikozaliwa tulizoea wazee wa baraza. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania walikuwa wakikaa na jaji wa Mahakama Kuu, wanatoa maoni yao, na jaji yu huru kuyaacha. Ukija na picha hiyo kichwani utakaa kimya ukingoja mkubwa aamue. Huku mkubwa ni ninyi. Jaji anawaambia sheria na lazima muifuate. Kilichotokea mnaamua ninyi 12, na jaji hana ruhusa ya kuwaambia mtieni hatiani.

Daktari naye ni shahidi, tena shahidi wa aina yake. Shahidi wa kawaida anaeleza alichokiona na kukisikia, basi. Mtaalamu anaruhusiwa kutoa maoni. Anaruhusiwa pia, mara nyingi, kukaa ndani ya chumba cha mahakama akiwasikiliza mashahidi wengine kabla ya zamu yake, jambo ambalo shahidi wa kawaida hakubaliwi. Usishtuke ukimwona nyuma ya mawakili anaandika. Kwa kanuni za mahakama wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, hata kama aliyemlipa ni upande mmoja.

Katika maelekezo utasikia maneno yenye maana hii: maoni ya mtaalamu ni sehemu ya ushahidi, hamlazimiki kuyakubali, yapimeni pamoja na mengine yote. Majaji hujengea maelekezo haya juu ya kitabu chao kiitwacho Crown Court Compendium, kisha kila mmoja huyarekebisha yafae kesi iliyo mbele yake. Siku hizi mtapewa pia karatasi yenye maswali yaliyopangwa, la kwanza, la pili, la tatu, yanayowapeleka hadi kwenye uamuzi. Ishike karatasi hiyo. Kila mnapopotea chumbani mnakojadiliana, rudini kwenye swali mliloliacha.

Na neno kubwa ni "uhakika". Zamani majaji walipenda kusema "bila kuacha shaka ya maana". Sasa wengi wanasema mnamtia hatiani iwapo tu mna uhakika. Aliye na uhakika au asiye nao ni wewe, na daktari ana uhakika wake wa kisayansi ambao ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya maelekezo yote ya ushahidi wa kitabibu inazunguka pengo lililopo kati ya hizo mbili.

Gawa karatasi yako mafungu matatu

Mtapewa karatasi na kalamu. Maandishi yenu hayatoki mahakamani, mtayaacha hapo hapo, basi andika kwa uhuru. Daktari anapoanza, mimi ningegawa ukurasa hivi: fungu la kwanza alichokiona au kukipima kwa mikono yake, la pili anachodhani kimekisababisha, la tatu alichokubali alipobanwa na wakili wa upande wa pili. Fungu la tatu ndilo watu hulisahau, kwa sababu huja mwishoni wakati mchana umeshachosha, na kwa sababu daktari akikubali jambo hukubali kwa sauti ndogo.

Nitoe mfano mmoja niliokuwamo, nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike mtu. Mzee alikutwa sakafuni jikoni kwake. Watu wa ambulansi walifika, wakamkandamiza kifua kwa muda mrefu, hakurudi. Aliyekuwa akiishi naye akashtakiwa kwamba alimpiga mateke. Daktari aliyeuchunguza mwili akaeleza: mbavu kadhaa zimevunjika upande wa mbele, na kuna jeraha kisogoni.

Wakili wa mashtaka akauliza kama mbavu zile zinaendana na kupigwa mateke. Daktari akajibu ndiyo, zinaendana. Ukumbi ukanyamaza. Nikamtazama mama mmoja wa mstari wa pili wa juri, akapiga mstari chini ya alichoandika, mara mbili.

Kesho yake wakili wa utetezi akasimama. Je, zinaendana pia na kukandamizwa kifua na watu wa ambulansi? "Ndiyo. Mbavu za mbele kwa mtu mzima huvunjika mara kwa mara kwa sababu hiyo." Kwa mbavu peke yake, unaweza kutuambia ni lipi kati ya hayo mawili? "Kwa mbavu peke yake, hapana." Majibu yote hayo hayakuchukua hata dakika moja. Mshtakiwa akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili, "Sasa mama, amesema nilimpiga au hakusema?" Mkalimani haruhusiwi kujibu swali la namna hiyo, nilimwambia nitamwita wakili wake. Lakini swali lilikuwa zuri, na jibu lake ni kwamba hakusema.

Hilo ndilo la kushika. Daktari akisema jeraha "linaendana na" kipigo, amesema kipigo hakijakataliwa na jeraha. Hajasema ni kipigo. Kila ukilisikia neno hilo, liandikie swali pembeni: na linaendana na nini kingine? Kama mawakili hawakuuliza na wewe huelewi, unaweza kuuliza kwa maandishi, nitalifikia hilo.

Jaji, alipofika kwenye mbavu wakati wa majumuisho, alisema hivi kwa maneno yangu: msipokuwa na uhakika kwamba zilivunjwa na mshtakiwa, ziwekeni kando, msizitumie dhidi yake, kisha mtazame ushahidi uliobaki. Hapo kwenye "ziwekeni kando" ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mtu huziweka kando kwa mdomo, ila moyoni zinabaki zinamsukuma: "lakini mbavu zilivunjika jamani." Chukua kalamu uzifute kwenye karatasi yako, halafu usome kilichobaki kana kwamba mzee yule hakuwa na mbavu zilizovunjika. Je, bado una uhakika?

Tahadhari ya namna hiyo utaisikia kwenye mengine pia. Umri wa jeraha la kuvilia damu hauwezi kusomwa kwa rangi yake kwa namna ya kutegemewa, hata daktari mzoefu aangalie mwenyewe. Na katika kesi za ubakaji, daktari akisema hakukuta jeraha lolote, hilo halisemi ndiyo wala hapana. Wengi waliobakwa hawana jeraha. Jaji atawaonya msivute kutokuwapo kwa jeraha kuelekea upande wowote, na wajumbe wanaotoka jamii zetu hulihitaji onyo hilo kuliko wanavyodhani.

Nguzo au ubao

Kabla hamjaanza kubishana chumbani, jiulizeni: ushahidi wa daktari katika kesi hii ni nguzo, au ni ubao tu wa ukutani? Ukiung'oa, nyumba inabaki?

Kuna kesi ambazo daktari ni ubao. Kuna mashahidi wawili waliomwona mshtakiwa na kisu, kuna kamera, kuna ujumbe wa simu, na daktari anakuja kusema kina cha jeraha. Akikosea kidogo, mengine yanasimama. Kuna nyingine ambazo hazina chochote ila daktari: mtoto mchanga amekufa, waliokuwamo chumbani ni yeye na mzazi, na wanaosema kwamba hili ni kosa la jinai ni wataalamu tu. Mahakama ya Rufaa mwaka 2008, katika kesi ya Holdsworth, ilisema tahadhari ya pekee inahitajika pale maoni ya mtaalamu yanapokuwa ndiyo msingi wa mashtaka yenyewe. Jaji akitumia muda mrefu kuwaonya juu ya daktari, jueni mpo kwenye nyumba ya nguzo moja.

Tahadhari hiyo imetokana na watu waliofungwa. Sally Clark alikuwa wakili, mama wa watoto wawili waliokufa wakiwa wachanga, mwaka 1996 na 1998. Juri ya Chester ilimtia hatiani Novemba 1999 kwa kura 10 kwa 2. Profesa Roy Meadow, daktari mkubwa wa watoto, alikuwa ameiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto wachanga katika familia kama ile ni mara moja kwa milioni 73. Alichukua 1 kwa 8,543, akaizidisha yenyewe kwa yenyewe. Hesabu hiyo inakubalika tu kama kifo cha kwanza hakina uhusiano wowote na cha pili, na ndugu wa tumbo moja, damu moja, nyumba moja, huwezi kusema hivyo. Na hata namba ingekuwa sahihi, ingekuwa jibu la swali ambalo juri haikuulizwa. Mama kuua watoto wake wawili nako ni nadra sana. Kinachotakiwa ni kulinganisha nadra mbili, siyo kushtushwa na moja. Chama cha Kifalme cha Takwimu (Royal Statistical Society) kililipinga hadharani mwaka 2001. Clark aliachiwa Januari 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya maabara ya mtoto wa pili hayakuwa yamekabidhiwa kwa watetezi wake. Alikufa mwaka 2007.

Basi ukisikia namba kubwa mahakamani, iandike, na pembeni yake andika imetoka kwenye nini na inajibu swali gani. Kama huwezi kujaza nafasi hizo mbili, usiiruhusu ikuongoze.

"Haijulikani" ni jibu

Angela Cannings alitiwa hatiani Aprili 2002 kwa vifo vya watoto wake wawili wa kiume, akaachiwa Desemba 2003. Katika hukumu iliyotolewa mwezi uliofuata, Mahakama ya Rufaa ilieleza jambo ambalo majaji hawajaliacha tangu hapo: kisichoelezeka leo huenda kesho kikaeleweka vizuri. Mwaka 2010, katika kesi tatu zilizosikilizwa pamoja na kujulikana kwa jina la Henderson, mahakama hiyo hiyo iliwafundisha majaji namna ya kulipeleka wazo hilo kwa juri. Inapofaa kwa ushahidi uliopo, jaji awakumbushe wajumbe kwamba huenda kuna chanzo ambacho hakuna anayekijua, na kwamba wanayoyashikilia madaktari wa leo kizazi kijacho kinaweza kuyatupa.

Kwa nini ukumbushwe kitu kilicho wazi hivyo? Kwa sababu chumbani binadamu hataki kukaa na fumbo. Mashtaka wana maelezo yao: mama alifanya. Utetezi wana yao: ni ugonjwa fulani. Mtu akiona ule ugonjwa hauingii akilini anaruka moja kwa moja: basi ni mama. Hapo ameshavunja maelekezo. Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha ugonjwa. Daktari wake akishindwa kuwashawishi, bado mnarudi kwenye swali moja: je, mashtaka wamewapa uhakika? Ninyi si waamuzi wa mechi kati ya madaktari wawili, kwamba mmoja lazima ashinde. Mnaweza kuwakataa wote wawili mkasema hatujui, na "hatujui" kwa sheria ni hana hatia.

Ni hivyo hivyo kwa zile dalili tatu ambazo madaktari huzihusisha na mtoto kutikiswa: ubongo kuathirika, damu kuvuja chini ya utando wa ubongo, na damu nyuma ya macho. Mwaka 2005, katika kesi ya Harris na wenzake, mahakama ilikubali kwamba dalili hizo zikikutana ni kielelezo chenye nguvu, ila haikukubali kwamba zikikutana tu basi uamuzi umeshapatikana wenyewe.

Lakini usigeuze sayansi kuwa kisingizio

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana nimeona watu wakianguka huko pia. Wakili wa utetezi mzuri atamuuliza daktari, "Unaweza kuliondoa kabisa jambo hili?" Daktari mwaminifu mara nyingi atajibu, "Kisayansi, siwezi kuliondoa kabisa." Na mjumbe anajiambia: shaka imeshaingia, kesi imekwisha.

Haijaisha. Katika kesi ya Gian ya mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kuwapo kwa uwezekano wa kinadharia ambao sayansi haiwezi kuufuta hakuizuii juri kuwa na uhakika. Daktari anatazama mwili, au kipande tu cha mwili. Ninyi mna mwili pamoja na ujumbe wa simu, jirani aliyesikia kelele, na maelezo ya mshtakiwa mwenyewe yaliyobadilika mara ngapi sijui. Uwezekano ambao hauna ushahidi wowote unaoushika mkono si sawa na uwezekano halisi. Vivyo hivyo, kesi ya Kai-Whitewind ya mwaka 2005 iliweka wazi kwamba madaktari kutofautiana hakuivunji kesi kwenyewe. Panapokuwa na ushahidi mwingine juri inapima.

Na mtu asikuambie kwamba tahadhari hizi ni za kuwaachia watu wema tu. Katika zile rufaa tatu za Henderson, mbili zilikataliwa na moja ikakubaliwa, ya Ben Butler, aliyekuwa amefungwa kwa kumjeruhi bintiye akiwa mchanga. Mtoto huyo, Ellie, aliuawa Oktoba 2013 akiwa na miaka 6, na Juni 2016 Butler akatiwa hatiani kwa mauaji yake. Kesi hiyo bado inaniumiza nikiitaja. Haibadilishi maelekezo: juri inaulizwa kuhusu ushahidi ulio mbele yake siku hiyo. Ila usiingie kwenye chumba kile ukidhani kuna njia ya kuamua isiyo na gharama.

Madaktari wakipingana

Siku hizi wataalamu wa pande mbili hukutanishwa kabla ya kesi na kuandika wanapokubaliana na wanapotofautiana na kwa nini. Mkipewa karatasi hiyo, anzeni nayo; mtagundua mara nyingi wanakubaliana karibu kila kitu, ugomvi wao ni mstari mmoja. Fanyeni kazi kwenye mstari huo.

Usihesabu vichwa. Mashtaka wakileta wanne na utetezi mmoja, huenda ni kwa sababu ya fedha, au kwa sababu wale wanne ni wa fani nne na ni mmoja tu kati yao anayegusa swali lenu. Sauti nzuri, tai nzuri, msururu wa vyeo, hivyo viache. Tazama haya: anazungumzia fani yake au ameruka uzio? Daktari wa macho akianza kueleza mifupa, weka alama. Bado anatibu wagonjwa, au kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuandika ripoti za mahakama? Hukumu ya Henderson yenyewe iliona jambo hilo lina uzito. Alisoma nyaraka zote, au zile alizopewa na upande wake? Na alipoonyeshwa ushahidi mpya kizimbani, aliufikiria au aliukinga? Mimi binafsi humwamini zaidi mtaalamu ambaye angalau mara moja amesema "hapo umesema kweli" kwa wakili anayempinga, ingawa hiyo ni hisia yangu ya kitini, si sheria.

Sehemu moja mzigo wa kuthibitisha hugeuka. Mshtakiwa wa mauaji anayedai akili yake ilikuwa na hitilafu iliyopunguza uwajibikaji wake, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha, ila kwa kiwango cha chini: kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kutokuwa hivyo. Hapo daktari wa akili ndiye atakayewajia. Jaji atawaambia waziwazi mzigo uko wapi. Kama hamkusikia vizuri, ulizeni, kwa sababu mkilikosea hili mmekosea lote.

Kama wewe ni nesi

Nawaambia hili kwa sababu nusu ya jamaa zangu wa hapa wanafanya kazi hospitali au nyumba za kutunzia wazee. Uzoefu wa maisha unaruhusiwa, ndiyo maana wanachukua watu wa kawaida. Lakini usigeuke shahidi wa 13 ndani ya chumba. Ukianza, "mimi wodini kwetu hii dawa inafanya hivi na hivi," umeleta ushahidi ambao hakuna wakili aliyeuhoji na mshtakiwa hakuusikia. Mwaka 1999, katika kesi ya Fricker, mjumbe mmoja aliyekuwa mjuzi wa matairi aliwaeleza wenzake jambo kuhusu tairi lililokuwa kielelezo, na hukumu ikafutwa. Tairi tu. Ikiwa unajua jambo la kitaalamu linalogusa kesi, mwambie jaji kwa maandishi mapema, kabla hujawaambia wenzako.

Kuandika swali kwa jaji

Hakuna aibu kuuliza. Unamwomba mhudumu wa mahakama karatasi, unaandika, unampa. Uliza wakati ushahidi bado unaendelea kama ni jambo la daktari kufafanua, kwa sababu mkishaingia chumbani kuamua, ushahidi mpya hauongezwi tena. Jaji ataweza tu kuwakumbusha uliokwisha tolewa au kuwafafanulia sheria. Usiandike kamwe mmegawanyika wangapi kwa wangapi. Jaji huwasomea mawakili swali ninyi mkiwa nje, wanashauriana, kisha mnaitwa mnajibiwa mbele ya wote, mshtakiwa na mimi mkalimani wake tukiwamo.

Swali zuri ni fupi na la jambo moja. Nimewahi kuwatafsiria watu maswali ya ukurasa mzima ambayo jaji alishindwa kuyashika. Kama lingekuwa langu, kwa ile kesi ya mbavu, ningeandika: "Daktari alisema mbavu zinaendana na mateke na pia na huduma ya ambulansi. Tukishindwa kuwa na uhakika ni lipi, je, tunaruhusiwa kuzitumia kwa namna yoyote katika swali la 2?" Namba ya swali la kwenye karatasi iwemo, jina lako lisiwemo kama hutaki, na uandike kwa herufi zinazosomeka.